Boga, Mumunye na Tikiti: Jinsi Jamii ya Maboga Inavyoainishwa na Kupewa Majina

Familia ya mimea ambayo wataalamu huiita Cucurbitaceae, na ambayo kwa Kiswahili yafaa kuitwa jamii ya maboga, ina spishi zinazokaribia 1,000 duniani. Sehemu kubwa ni mimea inayotambaa au kuparamia miti, yenye vikono vya kujishikiza na majani mapana. Katika mazao mengi ya jamii hii maua ya kiume na ya kike huchanua mbalimbali kwenye mmea uleule. Humo mna boga, mumunye, tango, tikiti maji, tikiti tamu, dodoki la kusugulia mwili, karela chungu, na kweme, mmea mkubwa wa misitu ya Afrika Mashariki ambao mbegu zake huliwa na kukamuliwa mafuta.

Katika Ufipa, mkoani Rukwa, jamii hii hukaa zaidi chini ya mahindi. Kwenye mashamba ya Msanzi, wilayani Kalambo, kama ilivyo kwingineko kuelekea Sumbawanga, mbegu za maboga hupandwa kati ya mahindi mvua zikishaanza, na kabla mahindi hayajakomaa jikoni huwa kumekwisha kupikwa majani ya maboga. Uwanda wa juu wa Ufipa uko kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na sehemu yake kubwa ipo kwenye mwinuko unaozidi meta 1,500. Boga hustahimili ubaridi wa mwinuko huo. Tikiti hupata shida: mbegu yake huchelewa kuota udongo ukiwa baridi, na tunda lisilopata jua la kutosha halijengi sukari. Chini ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa, kwenye mwinuko wa karibu meta 800, joto la Muze na vijiji vingine vya bondeni ndilo tikiti linalolitaka. Mkoa mmoja wa Rukwa, basi, una mazingira mawili ya kilimo, na mazao ya jamii hii hayawezi kupangwa na kushauriwa kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja.

Kuainisha mazao haya ni kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni kujua mmea ni wa spishi gani, yaani uko kwenye ukoo upi wa maumbile. Ya pili ni kuzitenga aina zilizomo ndani ya spishi hiyo, ambazo zimetokana na mikono ya wakulima waliochagua mbegu msimu baada ya msimu. Spishi mbili huweza kuzaa matunda yanayofanana kama mapacha, na spishi moja huweza kuzaa matunda yasiyofanana hata kidogo. Kwa kuwa jicho huvutwa kwanza na rangi na umbo, na hivyo viwili ndivyo wakulima walivyovibadilisha kwa urahisi zaidi, makosa mengi ya uainishaji yameanzia hapo.

Mfano ulio wazi kabisa ni mumunye. Likiwa changa hupikwa kama mboga. Likiachwa likauke ganda lake huwa gumu kama ubao, na baada ya kukombwa huwa kibuyu cha maji, cha maziwa au cha pombe. Lenye shingo nyembamba hukatwa likawa kata ya kuchotea. Dogo la kutilia dawa au mafuta huitwa kitoma. Majina hayo yamefuata kazi ya nyumbani, na kwa nyumbani yanatosha, kwa maana anayeagiza kata hahitaji kuletewa kitoma. Lakini kwa mtaalamu wa mimea vyote hivyo ni spishi moja, Lagenaria siceraria, yenye maua meupe yanayofunguka jioni, ilhali maua ya boga ni ya njano na hufunguka alfajiri. Asili yake ni Afrika, na mimea ya mwituni ya spishi hiyo imetambuliwa nchini Zimbabwe. Ajabu ni kwamba ilikuwa imekwisha kufika Amerika zaidi ya miaka 8,000 iliyopita, kabla ya jahazi lolote kuvuka Bahari ya Atlantiki. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba maganda ya mumunye kutoka Afrika yalielea juu ya bahari hiyo yakiwa na mbegu ndani, yakatupwa pwani ya pili yakaota.

Boga lilisafiri upande wa pili. Jenasi yake, Cucurbita, ni ya Amerika tupu, na iliingia Afrika baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari. Leo ni zao la Ufipa kwa kila hali, na hakuna sababu ya kuliita geni. Ila jina hili moja la boga hufunika spishi tatu tofauti ambazo zote hulimwa Afrika Mashariki: Cucurbita maxima iliyotoka Amerika ya Kusini, Cucurbita moschata ya nchi za joto za Amerika, na Cucurbita pepo, ambayo mbegu zake zilizochimbuliwa katika pango la Guilá Naquitz, Oaxaca nchini Meksiko, zina umri wa miaka ipatayo 10,000. Rangi ya ganda haisaidii kuzitenga. Kila mojawapo ina maboga ya kijani, ya njano, ya kijivu na yenye mabaka. Kila mojawapo ina ya mviringo na marefu.

Kinachozitenga ni kikonyo, na jambo hili mtu yeyote anaweza kulihakikisha sokoni, ilimradi muuzaji hakukivunja. Kikonyo cha maxima ni cha duara, kinene, laini kiasi cha kubonyea kwa ukucha kikiwa kibichi, na kikikauka huwa chepesi na chenye nyufa kama gamba la gogo. Hakina pembe. Cha moschata ni kigumu, kina pembe tano zilizolainika, na pale kinapokutana na tunda hupanuka ghafla kikawa mfano wa nyayo. Cha pepo nacho ni kigumu na chenye pembe, lakini pembe zake ni kali na mifereji yake ina kina, na kwenye tunda hakipanuki sana. Majani huthibitisha habari hiyo. Ya maxima ni ya mviringo, hayakukatika sana pembeni. Ya moschata ni laini kwa kupapasa na mara nyingi yana madoa ya fedha kwenye njia za mishipa. Ya pepo yana miiba midogo inayochoma na pembe zilizochongoka. Mpishi hufahamu tofauti ya mwisho bila kufundishwa, kwa kuwa majani yanayochoma humpa kazi zaidi ya kumenya mashina na kuyafikicha kabla ya kuyapika.

Faida ya kujua haya si ya darasani tu. Maboga ya spishi moja huchavushana kwa nyuki bila kizuizi, hata kama moja ni kubwa la kijivu na jingine ni dogo la rangi ya chungwa. Ya spishi tofauti huchavushana kwa taabu. Anayetaka mbegu safi za maboga mawili aliyoyapenda anaweza kuyapanda karibu karibu ikiwa moja ni maxima na jingine ni pepo. Yakiwa yote maxima, mbegu za mwaka unaofuata zitakuwa mchanganyiko. Tunda la mwaka huo lenyewe halibadiliki. Nyama na ganda ni sehemu za mmea mama, na chavua ya kigeni huacha alama yake kwenye mbegu peke yake. Ndiyo maana mabadiliko huonekana msimu wa pili, na mkulima aliyekwisha kusahau jirani zake walipanda nini hudhani ameuziwa mbegu mbaya au udongo umechoka.

Vilevile hofu inayosikika mara kwa mara, kwamba tikiti likipandwa karibu na tango litapoteza utamu au kuwa chungu, haina msingi. Tango ni Cucumis sativus, lenye kromosomu 14. Tikiti tamu ni Cucumis melo, lenye kromosomu 24. Tikiti maji limo katika jenasi nyingine, Citrullus, na lina 22. Maboga yana 40. Haya hayazaliani shambani. Tikiti likikosa utamu, sababu hutafutwa kwenye mvua iliyozidi, magonjwa ya majani, au kuvunwa mapema. Uchungu wa kweli ni jambo jingine: hutokana na kemikali ziitwazo kukabitasini ambazo mimea mingi ya mwituni ya jamii hii hujikinga nazo dhidi ya wadudu na wanyama, na ambazo wakulima wa kale waliziondoa kwa kuchagua. Uchungu huo huweza kurudi pale zao linapochavushwa na ndugu yake wa mwituni au wa mapambo aliye wa spishi ileile. Boga au mumunye chungu isivyo kawaida halifai kuliwa, kwani kemikali hizo zimewahi kuwalaza watu hospitalini, na kupika hakuziondoi. Mbegu zake zisihifadhiwe.

Tikiti tamu ndilo lililowasumbua waainishaji kuliko ndugu zake wote. Ni spishi chache katika jamii hii zenye matunda yanayotofautiana kiasi hicho. Yapo madogo kama ndimu na yapo yanayozidi kilo kumi. Yapo marefu yaliyojikunja kama nyoka, yenye ganda laini, yenye mbavu, yenye wavu wa kijivu uliotanda juu ya ganda. Yapo yenye nyama nyeupe, ya kijani na ya rangi ya chungwa. Mengine ni matamu mno, mengine ni makali kama ndimu, na mengine hayana ladha yoyote na huliwa mabichi kwa chumvi kama tango. Yapo hata yanayohifadhiwa kwa ajili ya harufu tu. Haishangazi kwamba Carl Linnaeus, Mswidi aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi ya mimea mwaka 1753, aliyagawa katika spishi kadhaa. Tikiti nyoka alilipa jina lake, na tikiti la harufu jina lake.

Aliyeyarudisha pamoja ni Mfaransa Charles Naudin. Katika bustani ya makumbusho ya Paris alikusanya mbegu kutoka nchi nyingi, akapanda, akachavusha kwa mkono tikiti la aina hii na la aina ile, kisha akaangalia kama watoto wao wanazaa. Walizaa. Mwaka 1859 alitangaza kwamba yote ni spishi moja, Cucumis melo, akayapanga katika makundi kumi kufuatana na tunda. Njia yake ilikuwa bora kuliko ya wote waliomtangulia, kwa kuwa hakutegemea macho peke yake: alipima udugu kwa uzazi. Makundi yake yamerekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini majina aliyoyatumia bado yamo kwenye vitabu na kwenye pakiti za mbegu.

Kundi la cantalupensis lina matikiti yenye harufu nzuri na nyama ya rangi ya chungwa, ambayo yakiiva hujikonyoa yenyewe na hayakai siku nyingi. Jina limetokana na Cantalupo, karibu na Roma. Kundi la reticulatus ni lile lenye wavu juu ya ganda, na Wamarekani wanapotaja kantalupi huwa wanamaanisha hili. Waainishaji wengi siku hizi huyaunganisha makundi hayo mawili, kwa kuwa wavu pekee si sababu ya kuyatenga. Inodorus ni matikiti yasiyo na harufu, yenye ganda gumu, ambayo huiva polepole na hukaa wiki nyingi baada ya kuvunwa. Tofauti hii ina uzito kwa mfanyabiashara kuliko rangi ya nyama. Tikiti la cantalupensis hutoa gesi ya ethilini kwa wingi linapoiva na huharibika njiani. La inodorus hustahimili safari ndefu ya lori. Flexuosus ni tikiti nyoka, ambalo katika nchi za Kiarabu huliwa changa kama tango, na anayelinunua huwa hana habari kwamba anakula tikiti. Conomon na makuwa ni ya Asia ya Mashariki, la kwanza likitiwa chumvi na kufanywa achari. Dudaim ni lile la harufu, dogo la njano lenye mistari ya hudhurungi.

Mtaalamu wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, Charles Jeffrey, ambaye aliandika juzuu ya jamii hii katika mfululizo wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki mwaka 1967, alikuwa miongoni mwa waliotetea kwamba kabla ya makundi kuwe na mgawanyo mkubwa zaidi, wa nususpishi mbili, kwa kuangalia ovari ya ua la kike kabla halijafunguka. Ovari yenye nywele ndefu zilizosimama iliwekwa upande mmoja, pamoja na matikiti matamu ya Ulaya na Asia ya Magharibi. Yenye nywele fupi zilizolala iliwekwa upande wa pili, pamoja na matikiti ya Asia ya Mashariki na mengi ya mwituni. Mwanasayansi wa Ufaransa Michel Pitrat alifikisha makundi 19 katika mpango wake wa mwaka 2016, akiongeza mengi yaliyokuwa yamesahauliwa na Wazungu wa mwanzo, likiwemo tibish, tikiti la Sudan lisilo na sukari, ambalo huliwa kama tango.

Hilo la Sudan limegeuka kuwa muhimu kuliko ilivyodhaniwa. Kwa muda mrefu ilibishaniwa kama asili ya tikiti tamu ni Afrika au Asia. Afrika ilipewa nafasi kubwa kwa kuwa spishi nyingi za mwituni za Cucumis ziko huku, nyingine zikiota Tanzania. Mwaka 2010 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba tikiti lina ndugu zake wa karibu Asia na Australia, na wengi wakaanza kuandika kwamba Afrika haina sehemu. Kisha mwaka 2018 ukatokea uchunguzi mpana zaidi uliobainisha koo mbili zilizotengana tangu muda mrefu: moja ya Asia, iliyozaa karibu matikiti yote ya biashara, na nyingine ya Afrika, iliyozaa tibish na wenzake wa Sudan. Wakulima wa bara hili, basi, walilitoa tikiti mwituni kwa mkono wao wenyewe, mbali na wenzao wa India. Ukoo wa Afrika umepewa jina la nususpishi meloides. Nywele za ovari, zilizoaminiwa kwa miongo kadhaa, hazikulingana na mgawanyo huo.

Tikiti maji lina kisa chake, na ni cha jina zaidi kuliko cha mmea. Mwaka 1773 Carl Peter Thunberg, mwanafunzi wa Linnaeus, alichuma mmea karibu na Cape Town, akaukausha na baadaye kuupa jina la lanata, kwa sababu ya manyoya yake. Katika miaka ya 1930 Mmarekani Liberty Hyde Bailey alidhani mmea huo ni tikiti maji, na tangu hapo jina la Citrullus lanatus likatumika dunia nzima. Sampuli yenyewe ilikuwa imehifadhiwa Uppsala, Sweden. Ilipochunguzwa vinasaba vyake zaidi ya miaka 200 baada ya kuchumwa, ilionekana si tikiti maji kabisa, ni ndugu yake wa mwituni wa kusini mwa Afrika. Kwa kanuni kali, tikiti maji lilipaswa kupoteza jina lake. Wataalamu waliona hasara ya kubadilisha jina la zao linalolimwa kila bara, wakaamua kulihifadhi kwa kulifunga na sampuli nyingine ambayo ni tikiti maji kweli. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Jina la mmea lipo ili watu waelewane, na kanuni zinazovuruga maelewano zina haki ya kuwekewa pengo. Ama asili ya zao hilo, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 umeielekeza Sudan, ambako tikiti la Kordofan, lenye nyama nyeupe isiyo chungu, limeonekana kuwa ndugu wa karibu kuliko wote.

Chini ya spishi na makundi kuna kultiva, yaani aina moja iliyochaguliwa, yenye sifa zinazotambulika, na ambayo hubaki na sifa hizo inapozalishwa kwa njia inayoifaa. Neno hilo pia lilitoka kwa Bailey, mwaka 1923, na kanuni za kimataifa za kuzipa kultiva majina zilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953. Kanuni zenyewe ni nyepesi kufuata. Jina la kultiva huandikwa ndani ya alama moja moja za nukuu baada ya jina la spishi, kwa mfano Citrullus lanatus 'Sugar Baby'. Lililotungwa tangu mwaka 1959 lisiwe la Kilatini, ili lisichanganywe na jina la kisayansi la mmea. Laweza kuwa la Kiswahili au la Kifipa bila pingamizi. Lisitiwe chumvi kuhusu ubora wa mmea, na lisitumike kwa aina mbili ndani ya jenasi moja.

Majina ambayo wakulima wa Tanzania huyasoma kwenye makopo ya mbegu za tikiti maji ni ya kultiva za namna hiyo. 'Charleston Gray', refu la kijani kilichofifia, lilitolewa mwaka 1954 na C. F. Andrus huko Charleston, Marekani, likiwa na kinga dhidi ya magonjwa mawili yaliyokuwa yakiangamiza mashamba. 'Sugar Baby', dogo la mviringo lenye ganda la kijani kilichokolea, ni la Oklahoma, la miaka hiyohiyo ya 1950. 'Crimson Sweet', lenye mistari, lilitoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas mwanzoni mwa miaka ya 1960. Haya matatu yanaweza kuzalishwa na mkulima mwenyewe na yakabaki vilevile, mradi yasichavushwe na tikiti maji jingine. Yenye alama ya F1, kama Sukari F1, ni chotara wa kizazi cha kwanza. Mbegu zikitolewa kwenye tunda lake na kupandwa tena hutawanyika, moja likafuata babu na jingine likafuata bibi, kwa hiyo jina la kwenye kopo halitembei pamoja na mbegu za kizazi cha pili. Kuuza mbegu hizo kwa jina lilelile ni kumdanganya mnunuzi, hata kama muuzaji hakukusudia.

Nchini Tanzania ubora wa mbegu husimamiwa na Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu, TOSCI, kwa mujibu wa Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003. Haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea zina sheria yake ya mwaka 2012, na mwaka 2015 Tanzania ilijiunga na UPOV, umoja wa kimataifa unaolinda haki hizo. Aina mpya inayoombewa haki hupandwa na kupimwa kwa mambo matatu: iwe tofauti na zote zinazojulikana, mimea yake ilingane yenyewe kwa yenyewe, na isibadilike kizazi hadi kizazi. Kwa tikiti wapimaji huandika umbo la tunda likikatwa kwa urefu, rangi ya ganda kabla na baada ya kuiva, kuwepo kwa mifereji na wavu, rangi ya nyama, ukubwa na rangi ya mbegu, na mengine mengi. Kila sifa hulinganishwa na kultiva ya mfano inayojulikana, ili neno kama "refu" liwe na maana moja kwa mpimaji wa Morogoro na wa nchi nyingine.

Maboga ya kienyeji ya Ufipa hayawezi kupita katika mlango huo, na hilo si kosa la maboga. Mbegu za kienyeji ni kundi la mimea inayofanana kwa sehemu na kutofautiana kwa sehemu, ikichavushana kila msimu na ya jirani. Mchanganyiko huo ndio unaoisaidia kustahimili mwaka wa mvua haba na mwaka wa ukungu. Kuilazimisha ilingane ni kuiondolea nguvu yake. Kwa upande mwingine, aina isiyoandikwa popote haiwezi kudaiwa na wenyewe siku mtu mwingine atakapoichukua, wala haiwezi kutafutwa baada ya kupotea. Sumbawanga sasa inapata mbegu za dukani kwa urahisi kuliko zamani, na aina ya nyumbani hupotea kwa msimu mmoja tu wa kutopandwa, kwa kuwa mbegu za maboga zilizotunzwa juu ya dari hudhoofu baada ya miaka michache. Kwa sababu hiyo uandikishaji wa aina hizi unastahili kufanywa sasa, na kwa utaratibu wake wenyewe, usio ule wa haki za wagunduzi.

Utaratibu wa kitaalamu wa kuandikisha aina ya kienyeji upo. Hukusanywa mbegu kutoka matunda mengi, kwa sababu tunda moja halibebi tofauti zote zilizomo ndani ya aina. Huandikwa kijiji, mwinuko, tarehe, jina linalotumiwa na wenye shamba kwa lugha yao, maana ya jina hilo, na matumizi: kama aina ni ya majani, ya nyama, ya mbegu za kukaanga au ya kibuyu. Jina huandikwa kama linavyotamkwa kijijini, na kama vijiji viwili vina majina tofauti, yote mawili huandikwa. Sampuli ya kukaushwa huwa na ua la kiume, ua la kike, jani lililokomaa, kipande cha shina chenye kikono, na kikonyo. Tunda, kwa kuwa halibanwi kati ya karatasi, hupigwa picha zima na likiwa limekatwa, pembeni mwake pakiwa na rula. Sampuli hupelekwa kwenye hebaria, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Hebaria ya Taifa iliyoko Arusha. Mbegu hupelekwa katika benki ya mbegu ya taifa, nayo ikiwa Arusha, ambako utaratibu wa benki za namna hiyo ni kuzikausha mpaka unyevu ushuke, kuzifunga kwenye pakiti zisizopitisha hewa, na kuziweka kwenye baridi ya karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Kila baada ya miaka kadhaa, mbegu chache hutolewa na kuoteshwa. Idadi inayoota ikipungua kupita kiwango, aina hiyo hupandwa upya, maua yakifungwa na kuchavushwa kwa mkono ili nyuki wasilete chavua ya shamba jingine.